Nitachelewa Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza. Programu ya kutafutia imeingia kwenye kompyuta zote za ofisi, hadi ile ya stoo ambayo kibodi yake haina herufi M. Shingo imekaza, macho mekundu, na hakuna aliyesema ahsante. Sikutarajia. Mtu wa kompyuta hukumbukwa printa ikigoma.

Nimeiomba programu hii tangu mwaka juzi. Sisi ni kampuni ya lifti — tunazifunga, tunazikagua, tunazitengeneza — lakini mafaili yetu wenyewe hatuyaoni. Mchoro mmoja unaitwa MWISHO, mwenzake MWISHO KABISA, kisha MWISHO KABISA MPYA, kisha USIFUTE HUU. Mteja akipiga simu kwamba lifti imekwama na watu wamo ndani, tunaanza kuulizana nani alichora. Mchoraji hudai anajua kila kitu kilipo. Ukimuuliza anasema ngoja. Ngoja yake imeshaota mvi.

Sasa unaandika neno moja tu, unaletewa kila faili na kila imeili yenye neno hilo. Imeili zako binafsi unaziona wewe peke yako. Zilizotumwa kwenye anwani ya pamoja ya ofisi tunaziona sote. Nimeipanga hivyo mwenyewe na nimebandika tangazo mlangoni. Hakuna aliyelisoma.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi nzima imeshinda ikijitafuta. Nawaambia andikeni namba ya mkataba, andikeni jina la jengo — wapi! Kila mtu neno la kwanza ni jina lake mwenyewe.

Mchoraji amekuta imeili ya zamani ambayo mteja anamwita "yule kijana mnene". Amenuna tangu asubuhi, hata chai kaikataa. Nikamwambia ashukuru, ameitwa kijana.

Shangazi alifika saa tano, akitoka hospitali kama kila Jumanne. Akaniuliza kama kitu hiki kinaweza kumpatia simu ya fundi aliyetengeneza kiti chake cha mapokezi. Nikamwonyesha, ikapatikana papo hapo. "Mwanangu, sasa mtu hawezi kusema nimesahau," akasema. Akaenda zake akicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo leo. Chumba cha mkutano, projekta, wote wamejazana isipokuwa Mkurugenzi aliyekuwa safarini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipotaka kuwachangamsha.

Nilihitaji neno la mfano, neno la kuwachekesha. Nikaandika "nitachelewa". Nilijua litamuumbua Mchoraji, maana hakuna wiki anayofika kwa wakati. Kumbe sivyo. Ukuta mzima ukajaa jina moja. Shangazi, Shangazi, Shangazi. Nikishuka chini — Shangazi. "Nitachelewa kidogo leo, nampeleka mzee hospitali." "Nitachelewa kidogo, foleni ya hospitali ni ndefu." Miaka na miaka.

Watu wakavunjika mbavu. Yeye naye akacheka, akavua miwani akaifuta. Mtu pekee ambaye hakucheka ni Rula. Rula ndiye afisa utumishi wetu, tumempa jina hilo kwa sababu hupiga mstari chini ya kila kitu. Akanyoosha mkono: je, matokeo yanaweza kupangwa kwa jina la aliyetuma? Na kwa mwaka?

Nikamwonyesha. Tena kwa mbwembwe.

Niandike hapa ili nisijidanganye baadaye: Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale ofisini. Ni mpokezi wetu. Alianza kukaa pale mlangoni kampuni ikiwa na chumba kimoja. Mume wake figo hazifanyi kazi, anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Bima ya kazi ya Shangazi ndiyo inayolipa. Bila kazi hakuna bima. Bila bima hakuna mashine. Hilo ofisi nzima tunalijua.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi lifti ilikwama katika jengo moja la ghorofa, mama mjamzito na wenzake wawili wamo ndani. Mafundi wakataka mchoro wa breki. Zamani tungepoteza asubuhi nzima. Leo niliandika jina la jengo, mchoro huo hapo, nikautuma. Mkurugenzi alipita mezani kwangu akasema, "Umeiokoa siku, Fundi." Kichwa kikavimba, sitaki kudanganya.

Mchana Rula akaniita ofisini kwake. Akafunga mlango. Wenye kampuni wanataka nafasi moja ipunguzwe kabla ya mwisho wa mwezi, na yeye ndiye wa kupendekeza jina. Anataka nimchapishie jedwali la neno "nitachelewa", nani kalituma na lini. Akasema ameshachoka na maneno ya korido. Safari hii anataka ushahidi.

Nikamuuliza jedwali la watu gani. Akasema, la wote, haki sawa. Nikachapisha. Wote ni mtu mmoja.

Nikasema, "Lakini bosi, hizi ni safari za hospitali." Akajibu kwamba anaelewa, kwamba na yeye ana mama mgonjwa. Nadhani anasema kweli. Si mtu katili. Anaogopa tu asipotoa jina la mtu, wenye kampuni wataandika la kwake.

Chakula cha jioni hakikushuka. Mdogo wangu akauliza nina nini. Nikasema tumbo.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya jambo. Wenzangu walipoondoka nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa alama kwenye folda ya anwani ya pamoja. Nilichobofya ni kitufe kimoja. Sasa programu haisomi tena imeili za hapo. Ukiandika "nitachelewa" inajibu: hakuna kilichopatikana.

Sijafuta kitu. Nimezificha tu. Nimejiambia hivyo njia nzima kurudi nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechelewa kuamka. Mdogo wangu alikuwa amejifungia bafuni na redio yake, mimi nagonga mlango kama mdai. Nikatoka mbio, nywele nusu zimechanwa. Njiani nikatoa simu, nikabonyeza namba bila hata kufikiri.

"Shangazi, niko njiani."

"Haya mwanangu, njoo taratibu. Nitasema uko chini unaangalia waya."

Nikakata. Nikapiga hatua chache, nikasimama katikati ya watu. Mwanamume mmoja akanikumba mgongoni, akaguna, akapita.

Maana ndivyo tufanyavyo sote! Mchoraji akichelewa anampigia Shangazi. Mhasibu anampigia Shangazi. Mafundi, madereva, Rula mwenyewe. "Shangazi, foleni." "Shangazi, mtoto anaumwa." Naye anatupangia maneno: yuko njiani, yuko benki, yuko kwa mteja. Mkurugenzi aliyepita aliweka sheria kwamba atakayechelewa atume imeili kwenye anwani ya pamoja. Hatukuifuata hata siku moja, ikafa kimyakimya, kwa sababu kulikuwa na Shangazi.

Sasa Shangazi mwenyewe akichelewa atampigia nani? Mapokezi hakuna mtu. Kwa hiyo anaandika. Peke yake, miaka yote.

Na simu haziachi maandishi. Programu yangu inasoma kilichoandikwa tu. Sisi wachelewaji hatumo. Nilitafuta jina langu kwenye nakala ya jedwali la Rula: hakuna. Safi kama malaika.

Ijumaa, 14 Machi

Rula amegundua. Alikuja mezani kwangu mikono mfukoni, akauliza mbona matokeo yamepotea. Nikasema labda fahirisi, ile orodha ya maneno ya programu, inajijenga upya. Mdomo ulikuwa mzito, nadhani alisikia. Akasema hakuna shida, nakala ya karatasi anayo, lakini kwenye kikao atataka zionekane ukutani, na mimi ndiye nitakayeziendesha. Kikao cha nidhamu, Jumanne tarehe 25.

Jumanne! Nikamwambia Jumanne ni siku ya hospitali ya mume wake. Akasema ndiyo siku pekee ambayo Mkurugenzi yupo.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimngoja Shangazi afunge droo zake, nikamwambia yote. Neno la mfano, jedwali, folda niliyoificha. Nilitegemea atalia au atanitukana. Aliendelea kupanga kalamu kwenye kikombe.

"Barua ya kuitwa nimeipata," akasema. "Ile folda irudishe."

"Shangazi, nikiirudisha watakumaliza."

"Ukiificha watasema tumekula njama. Halafu tutakuwa wawili. Mimi sijaiba kitu, mwanangu. Nilichelewa, nikasema nimechelewa. Rudisha."

Nikamwambia ile habari ya simu, kwamba sote tunampigia yeye. Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama vile naye hajawahi kuipanga hivyo kichwani. Kisha akasema jambo lililonichoma: kwamba hawezi kusimama kikaoni akaanza kuwataja watoto wa watu ili apone yeye. "Waliniamini," akasema. "Watasemaje?"

Nikamuuliza mzee anajua? Hajui. Amemwambia ni kikao cha kupanga likizo.

Nimeirudisha folda. Nina hasira, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimepita meza kwa meza. Nilitaka watu watatu tu, wanne, waseme kikaoni: na sisi huchelewa, ila sisi hupiga simu.

Mhasibu: ana mkopo, hawezi kujitia kwenye hayo sasa. Dereva: yeye kusoma na kuandika imeili hajui, asiingizwe. Mafundi: wamecheka, wakasema Fundi umeamua kutufukuzisha wote kwa mpigo. Mchoraji nilimtegemea zaidi. Huyo ndiye aliyebebwa na Shangazi mgongoni miaka yote, hadi siku aliyokamatwa na polisi kwa leseni iliyokwisha, Shangazi akasema yuko kwa daktari wa meno. Akainamisha kichwa.

"Fundi, nina watoto wanne."

"Najua."

"Sasa wataka niende nikaseme mimi ndiye wa kufukuzwa?"

Ni kweli, ndicho nilichokuwa namwomba. Kisha akanionyesha mchoro wa lifti mpya, akauita MWISHO, nikaondoka.

Waoga. Lakini na mimi nimewaomba wao kabla sijajiuliza mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Shangazi ameingia saa tano na robo. Imeili yake ilifika mapema: "Nitachelewa kidogo, mashine moja imeharibika, tunasubiri zamu." Nilipoifungua nilimwona Rula kupitia kioo, naye anaisoma. Akapiga mstari kwenye karatasi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia mdogo wangu. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Dada, wewe kaa kimya. Bonyeza unachoambiwa ubonyeze. Kodi ya nyumba hii nani atasaidiana nami?"

Nikasema mume wa mtu atakufa.

Akaweka pasi chini. Akasema mimi si daktari wala si Mungu, mimi ni mtu wa kompyuta. Baadaye akaniletea chai chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akanipigia pasi na blauzi ya kesho. Sikumwomba.

Sijui nitafanya nini. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Jumanne, 25 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Wametutoa nje. Niandike haraka kabla mlango haujafunguliwa.

Kikao kilikuwa saa tatu. Shangazi alikuwepo kabla ya wote, amemwacha mzee hospitali na mkwe wake, mkoba wa hospitali uko miguuni — shuka, chupa ya maji, kandambili za mzee. Mimi nikaunganisha projekta. Rula akapanga karatasi zake. Mkurugenzi hakuwepo. Tukangoja. Simu ya mapokezi ikalia kule nje, Shangazi kwa mazoea akainuka akaenda kuipokea. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Mkurugenzi amepiga. Amekwama kwenye foleni. Yuko njiani, anaomba mumvumilie."

Rula akasema ahsante. Hivyo tu: ahsante! Akaendelea kunyoosha karatasi. Nilimtazama kuona kama amesikia alichokisikia. Hakusikia.

Mkurugenzi akafika, akaomba radhi, akakaa. Rula akasoma maelezo yake, kisha akaniambia, "Fundi, tuonyeshe." Nikaandika neno. Ukuta ukajaa. Ya Ijumaa iko juu kabisa, maana mpya hukaa juu. Mkurugenzi akasoma mstari kwa mstari. Uso wake ulilegea, nikaona kabisa anamhurumia. Akauliza, "Na wafanyakazi wengine?"

Rula: "Hakuna mwingine, Mkurugenzi. Tumetafuta wote."

Shangazi alikuwa anaangalia mkoba wake. Nilingoja aseme. Nilijua hatasema.

Nikasikia kiti changu kinasogea. Nikasema mimi huchelewa kuliko Shangazi. Nikaandika jina langu na lile neno: hakuna kilichopatikana. Nikasema, mnaona? Mimi ni msafi. Wiki ya juzi nilichelewa, nikampigia Shangazi, akasema niko chini naangalia waya. Waya gani? Nikaandika jina la Rula: hakuna. Rula akasema nikome. Nikasema leo asubuhi kuna mtu mmoja amechelewa kikao hiki, na sijui tungejuaje kama kusingekuwa na wa kupokea simu. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikamwuliza Mkurugenzi kama niandike na jina lake.

Vidole nikaviacha palepale kwenye kibodi.

Mkurugenzi hakukasirika. Bora angekasirika. Akavua saa yake ya mkononi, akailaza mezani. Akasema nirudishe ile orodha ya kwanza, niiache ukutani, halafu mimi na Shangazi tusubiri nje. Rula akasema kwa upole kabisa kwamba maneno yangu yataandikwa pia, kwa kuwa nimekiri mwenyewe. Kwa hiyo sasa tuko wawili.

Nina hofu.

Shangazi yuko hapa pembeni yangu. Hajanilaumu wala hajanishukuru. Ameniuliza tu kama nimekula. Kisha ametazama saa ya ukutani: mkwe wake anaingia kazini saa sita, mzee atatoka kwenye mashine akiwa hawezi kusimama peke yake. Inabidi aende sasa hivi. Amebisha mlango aage, Rula amesema kwa ndani, subirini.

Ametoa simu. Nimechungulia. Anaandika kwenye anwani ya pamoja: Nitachelewa kidogo kurudi mapokezi, namchukua mzee.

Nimemshika mkono. Nikamwambia, Shangazi, usitume. Ile orodha iko ukutani wazi. Ukituma tu itapanda juu kabisa, mbele ya macho yao.

"Nisipotuma watajuaje niko wapi?"

"Nitawaambia mimi."

"Wewe wameshakuandika," akasema. Akatuma.

Ndani walikuwa wanazungumza. Wamenyamaza.

Amebeba mkoba, ameshuka kwa ngazi, haamini lifti zetu. Kiti cha mapokezi kiko kitupu. Nakiona kutoka hapa, na miwani ya kusomea ameisahau juu ya meza.

Simu ya mapokezi inalia. Itakuwa Mchoraji, sijamwona tangu asubuhi. Au mteja. Au mtu amekwama kwenye lifti.

Mlango umefunguliwa. Mkurugenzi amesimama, anauliza mbona hakuna anayepokea simu.

Sijainuka. Naye ananiangalia, na bado inalia.